Jina Lililokuwa Chini ya Ukurasa

Nchi yetu haina siri, na huo ndio msiba wake wa kwanza. Kila Ijumaa saa tatu asubuhi Serikali hutoa Gazeti Rasmi, na humo huandika, kwa lugha safi na herufi za kusomeka, kila kitu inachokusudia kutunyang'anya wiki inayofuata. Gazeti hubandikwa kwenye mbao za matangazo za kata zote. Mbao zina kioo, zina taa, na zina paa ili mvua isiwaloweshe wasomaji. Wasomaji hawajawahi kulowa hata siku moja, maana hawajawahi kuwepo. Wananchi wetu ni werevu sana. Wanajua kwamba jambo likishabandikwa ukutani haliwezi kuwa la kweli.

Nasema "nchi yetu" bila kuitaja jina. Jina linatajwa kwa kibali, na fomu za kibali zimeisha.

Mimi naitwa Siwema Lukindo. Nina stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, na hadi juzi nilikuwa mwandishi wa vikao katika Makao Makuu ya Chama cha Wavuja Jasho. Chama chetu ni cha mrengo wa kushoto, kushoto kabisa, kiasi kwamba Mwenyekiti, Ndugu Mapigano Chibwana, hulala ubavu wa kushoto tu, na daktari wake amekwisha kumwonya mara mbili.

Chama kina desturi moja inayoitwa kutaja mkono. Kila taarifa inayofika kikaoni, iwe ya njaa au ya paa linalovuja, lazima iambatane na Fomu Namba Saba. Chini ya fomu hiyo kuna mstari usemao: *Jina la mkono uliofichika nyuma ya jambo hili. Liandikwe jina moja la mtu. Sheria, mazoea na utaratibu havikubaliki.* Jina likisomwa, wajumbe wote husimama, hunyoosha ngumi, na kusema kwa sauti moja: "Tumekuona!" Kisha wanakaa, wanakunywa chai, na jambo linahesabiwa limekwisha.

Kwa njia hiyo tumekwisha kuyamaliza mambo mengi. Choo cha ghorofa ya pili kilipoziba, tulimwona balozi wa nchi ambayo haina ubalozi kwetu. Choo bado kimeziba, ila sasa kimeziba kwa kueleweka.

* * *

Siku ya arobaini na moja tangu mabomba ya Kata ya Madumu yakauke, kambi ya kipindupindu ilikuwa na vitanda kumi na tisa na wagonjwa hamsini. Kata ya Madumu ndiyo ngome yetu. Huko ndiko wanakoishi wastaafu wa viwanda, wale waliokianzisha Chama kwa michango ya senti na kadi za kuandikwa kwa mkono. Basi Kamati Kuu ikaitwa kwa dharura, na kwa kuwa ilikuwa dharura, ilichelewa saa mbili tu.

"Ndugu zangu," alianza Mwenyekiti, akipiga meza kwa kiganja. "Swali ni moja. Nani kaiba maji?"

Wa kwanza kusimama alikuwa Ndugu Kassiani Ng'umbi, Mkuu wa Idara ya Mikono Iliyofichika. Huvaa miwani myeusi hata ndani, na kwa hiyo alijigonga goti kwenye kiti kabla ya kuanza. Ofisi ya Ndugu Ng'umbi ina ukuta mzima wa picha za watu, zilizounganishwa kwa nyuzi nyekundu. Siku moja mfagizi, akifuta vumbi, alirudisha uzi mmoja mahali pasipo pake, na kwa sababu hiyo tukavunja uhusiano na chama rafiki cha nchi jirani.

"Kuna manowari chini ya ziwa," alisema kwa sauti ya chini. "Inanyonya."

"Ziwa lile lina kina cha mita nne, Ndugu," alisema mjumbe mmoja wa nyuma.

"Ndiyo maana walilichagua. Walijua hatutalishuku."

Wajumbe wakaguna kwa kuridhika. Akasimama Mama Perusi, kiongozi wa akina mama wa Chama, mtu mwenye sauti ya kuitia watu msibani.

"Mimi nimeambiwa kuna wanaume tisa. Hukutana kwenye bafu la hoteli moja, bomba limefunguliwa ili wasisikike. Hayo maji yanayomwagika wakati wanazungumza ndiyo maji yetu."

"Nani kakwambia, Mama?"

"Siwezi kumtaja. Nikimtaja, atakuwa wa kumi."

Nilikuwa naandika yote haya, kwa mwandiko mzuri, kwa sababu ndiyo kazi niliyosomea. Lakini kalamu ilinigomea mkononi. Nikanyoosha kidole.

"Ndugu Mwenyekiti, kuna mtu hapa amesoma Sheria ya Maji?"

Kikao kizima kikanitazama kama nimejamba msibani.

"Binti yangu," alisema Mwenyekiti kwa upole wa mtu anayejizuia, "sheria ni pazia. Sisi tunamtaka aliye nyuma ya pazia."

"Na kama nyuma ya pazia kuna ukuta mtupu?"

"Basi kuna mtu nyuma ya ukuta."

"Tena amejibanza," aliongeza Ndugu Ng'umbi.

Wakaamua kunikomoa kwa kunipa kazi. Nikaambiwa niandike taarifa kamili kuhusu maji ya Kata ya Madumu, kwa siku tatu, na Fomu Namba Saba iwe imejazwa.

* * *

Nilianzia Wizara ya Maji na Maua. Nilijiandaa kukimbizwa na mbwa. Badala yake mlinzi alinifungulia mlango, karani akanipa kiti, na Mheshimiwa Waziri, Dakta Bartazari Semkiwa, akatoka ofisini kwake mwenyewe kunipokea, mikono miwili, kama anayempokea shangazi aliyetoka safari.

"Mheshimiwa, nani amechukua maji ya Kata ya Madumu?"

"Sisi," alijibu, akanisogezea sahani ya biskuti. "Sheria ya Mgawanyo wa Maji, kifungu cha kumi na nne. Nikusomee, au unasoma mwenyewe?"

Nikasoma mwenyewe. Kifungu kilisema kwamba maji ya mto yatagawiwa kwa mpangilio ufuatao: kwanza, maua ya kuuzwa nje ya nchi, pili, ng'ombe wa maziwa wenye namba masikioni, tatu, mabwawa ya kuogelea ya hoteli zenye nyota nne na kuendelea, na nne, wananchi, iwapo yatabaki.

"Mlikutana wapi kulipanga hili?"

"Bungeni. Jumanne, saa nne asubuhi. Ilirushwa redioni, na katikati waliweka muziki kidogo."

"Hamkuficha chochote?"

"Tungemficha nani, binti?" aliuliza, na niliona huzuni ya kweli usoni mwake. "Nilitayarisha majibu ya kurasa themanini endapo mtu angeuliza. Hakuuliza mtu. Nilijisikia vibaya, nikaenda kuyasoma nyumbani kwa mke wangu."

"Na wabunge wetu watatu? Walisemaje?"

"Hawakuwepo ukumbini. Walikuwa kwenye varanda wanavunjavunja chombo cha maua. Walikuwa wameambiwa kuna kinasa sauti ndani."

"Kilikuwepo?"

"Kulikuwa na maua."

Alinipa nakala ya Gazeti Rasmi yenye ile sheria, akanipa na kijitabu cha rangi kinachoieleza kwa michoro, ambamo mwananchi amechorwa akiwa wa nne kwenye foleni, anatabasamu, ameshika ndoo. Akanisindikiza hadi ngazini.

Nikapanda hadi shamba la maua, juu kwenye chanzo cha mto. Meneja, Bwana Fidelis Mngodo, ni mtu mpole, ana watoto wanne na kifua cha pumu. Alinipa glasi ya juisi, akanitembeza mwenyewe. Mabomba makubwa kama mapipa yaliingia kwenye mabanda ya plastiki, na ndani yake waridi zilikuwa zimesimama mistari kwa mistari, zinanyunyiziwa kila baada ya dakika sita.

"Bwana Mngodo, huoni haya?"

"Naona. Nikiingia nyumbani naona haya hadi chakula kinapoa." Alikohoa kidogo. "Lakini tuseme leo nafunga hili bomba. Kesho saa mbili asubuhi wenye hisa wameshaleta mwingine kwenye kiti changu. Huyo hatakutembeza. Na juisi hutapata."

"Wenye hisa ni akina nani?"

Alinionyesha ukutani. Palikuwa na cheti kimetiwa kwenye fremu, na juu yake limeandikwa jina la mwenye hisa mkubwa kuliko wote: Mfuko wa Pensheni wa Wavuja Jasho.

"Yaani sisi?"

"Ninyi. Mwenyekiti wenu anatuandikia kila mwaka tuongeze uzalishaji, ili wazee wapate pensheni ya heshima. Barua nzuri sana. Ina ngumi imechorwa juu."

Nilishuka mlima nikiwa na ladha ya ile juisi kooni. Nilipofika kwenye daraja nikaitapika. Chini ya daraja hapakuwa na mto wa kuipokea. Iliangukia kwenye mawe makavu, ikabaki pale inaonekana.

* * *

Taarifa yangu ilikuwa na kurasa kumi na moja, na nilijivunia kila sentensi. Nilieleza kwamba hakuna aliyeiba. Kila mtu alifanya kazi yake: Bunge lilipitisha, Waziri akatia saini, meneja akafungua bomba, na Mfuko wetu ukapokea faida na kuwalipa pensheni wazee wale wale wanaoharisha kambini. Ukimtoa mmoja yeyote, gurudumu linaendelea kuzunguka. Ukitaka maji, badilisha kifungu cha kumi na nne, na uanze na hisa zetu wenyewe. Niliambatanisha na karatasi ya Gazeti Rasmi. Kwenye mstari wa Fomu Namba Saba niliandika: *Hakuna. Soma kifungu cha 14.*

Mwenyekiti aliusoma mstari huo mara tatu. Wajumbe walikuwa wamekwisha kusimama na kuinua ngumi, na sasa hawakujua wazifanyeje. Mama Perusi aliishusha yake taratibu akajifanya anakuna kwapa.

"Mkono uko wapi?" aliuliza Mwenyekiti.

"Hakuna mkono, Ndugu Mwenyekiti. Kuna sheria, na kuna faida."

"Sheria haina shingo! Nitawaambia nini wananchi? Waandamane kwenda kwa kifungu?"

"Tungeweza kuanza na Waziri. Amekiri mwenyewe."

Ndugu Ng'umbi akacheka kwa pua. "Amekiri! Ndugu zangu, mmesikia? Mtu mwenye hatia anakiri na kugawa biskuti? Huyo ametumwa kutupoteza."

"Wabunge wetu basi, waliokosa kupiga kura."

"Wale ni wahanga. Mmoja alijikata kidole na kigae."

"Basi Mfuko wetu wa Pensheni! Cheti kipo ukutani, nimekiona kwa macho yangu!"

Hapo Mwenyekiti alinyanyuka hadi mishipa ya shingo ikaonekana.

"Siwema! Mfuko ule ni jasho la wazee! Unasema wazee wanajinywea maji wenyewe? Nani kakufundisha kusema hivyo? Nani kakutuma?"

"Nimesoma."

"Wapi?"

"Ubaoni. Upo hapo nje ya mlango, una taa."

Wakati tukipigiana kelele, Ndugu Ng'umbi alikuwa ameichukua ile karatasi ya Gazeti. Ilibidi avue miwani ili aione. Hakusoma kifungu cha kumi na nne. Alikipita kama mtu anavyompita ombaomba. Alishuka na lenzi aliyoitoa mfukoni hadi ukingoni kabisa mwa ukurasa, kwenye herufi ndogo kuliko zote, na pale akasimama.

"Ndugu Mwenyekiti," alinong'ona. "Kuna jina."

Wajumbe, waliokwisha kukaa, wakasogeza viti karibu.

"Limeandikwa chini kabisa, dogo, ili lisionekane. *H. Mkopi.*"

"Huyo ni mpiga chapa!" nilisema. "Mzee Hilali Mkopi wa Kiwanda cha Chapa. Kila karatasi ya Serikali ina jina lake!"

Ndugu Ng'umbi akanigeukia taratibu. Sitasahau furaha iliyokuwa usoni mwake.

"Kila karatasi?"

"Ndiyo, yeye ndiye..."

"Kila sheria mbaya? Miaka yote? Nyuma ya kila moja, huyo huyo mmoja?"

Nikaelewa nimefanya nini, na nilikuwa nimechelewa. Wajumbe walisimama. Ngumi zilipanda, na safari hii zilijua kwa kwenda.

"Tumekuona!"

* * *

Serikali ilifurahi kupita kiasi. Waziri alituma salamu kwamba yeye pia kwa muda mrefu alikuwa akijiuliza nani yuko nyuma ya sheria zake. Akatoa gari lake la shangingi lenye vipaza sauti, na shamba la maua likatoa lori la maji ya chupa ili waandamanaji wasizirai kwa kiu. Kila chupa ilikuwa na picha ya waridi. Watu ambao siku arobaini na nne hawakuoga walikunywa maji yao wenyewe kutoka chupani, wakashukuru, wakaenda kumkamata mpiga chapa.

Walimkuta kazini na aproni ya wino. Ana miaka sitini na tatu, na ni mwanachama wa Chama chetu, kadi namba kumi na mbili. Aliionyesha. Ndugu Ng'umbi akaichukua, akaitazama kwenye mwanga wa jua, akasema: "Alijipenyeza tangu mwanzo."

Nilikwenda kumwona mahabusu mchana wa siku ile. Polisi walikuwa wamemwekea jagi la maji limejaa hadi ukingoni. Kituo chao kiko upande wa hoteli. Nilimwomba radhi kupitia nondo za dirisha. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyeibeba ile karatasi hadi mezani.

"Karatasi ndiyo ilitakiwa ibebwe," alisema. "Ungeacha kuibeba ndipo ningekulaumu. Mimi niliipanga ile sheria herufi kwa herufi, binti. Nilipofika kifungu cha kumi na nne nikasimama. Nikaenda kwenye simu ya kiwanda, nikapiga chamani. Nikasema, ndugu zangu, someni ukurasa wa tatu kabla ya Jumanne."

"Nani alipokea?"

"Mwanamume. Aliniuliza kama simu yangu inasikilizwa. Nikamwambia sijui, labda. Akakata."

Sikuhitaji kuuliza sauti ilikuwaje.

"Mbona uliweka jina lako, Mzee?"

"Miaka thelathini na moja naliweka. Herufi ikipinda, mtu ajue amlaumu nani." Alisogea karibu na dirisha. "Sikiliza. Mke wangu yuko kambini, kitanda cha saba. Maji yake ya kuchemsha nilikuwa nampelekea mimi, kutoka kiwandani, asubuhi na jioni. Waambie wanitoe hata saa moja. Wanifunge na kamba, sijali. Nikampe maji, nirudi."

Niliwaambia. Polisi walisema amri iko kwa Chama, maana ndicho kilicholalamika. Chama kikasema amri iko kwa polisi, maana ndio waliomshika. Kila mmoja alikuwa mpole na alifuata utaratibu.

Basi nikapeleka mimi. Bi. Asteria, mke wake, alikuwa amekauka hadi ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama, lakini macho yalikuwa makali.

"Wewe ndiye binti wa kule chamani? Nimesikia redio ya mlinzi. Wanasema mume wangu kaficha jambo."

"Ndivyo wanavyosema, Bibi."

"Hilali?" Alicheka, kisha akakohoa. "Yule? Miaka arobaini, hajaweza kunificha hata zawadi. Ananunua kitenge, kabla hajavua viatu ameshaniambia rangi. Kafanya nini hasa?"

"Ameandika jina lake chini ya kazi yake."

Alijiinua kwa kiwiko.

"Na waliotunga kazi hawakuandika?"

"Waliandika, Bibi. Juu, kwa herufi kubwa."

"Ahaa," alisema, na akafumba macho, kama mtu aliyechoka kusikiliza mtoto asiye na akili. Muuguzi aliniambia dripu zimeisha na kwamba mama huyu anahitaji lita sita kwa siku. Mimi nilikuwa na dumu moja la lita tano, na vitanda vya jirani vilikuwa vinatazama. Niligawa. Sijui kama nilifanya vizuri.

* * *

Kesi ilisikilizwa siku mbili baadaye. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi yetu, mwanasheria wa Serikali na mwanasheria wa Chama cha Wavuja Jasho waliketi meza moja, wakaazimana kalamu. Nikaitwa mimi kuwa shahidi wa upande wa mashtaka, kwa kuwa kielelezo kilikuwa changu.

"Shahidi," aliuliza mwanasheria wetu, "jina la mshtakiwa lipo kwenye karatasi hii au halipo?"

"Lipo, lakini..."

"Inatosha."

"Haitoshi!" nilisema, nikaanza kusoma kifungu cha kumi na nne kwa sauti kubwa, na sauti ninayo. Kwanza, maua ya kuuzwa nje. Pili, ng'ombe wenye namba masikioni. Watu ukumbini walianza kusonya. Mmoja alipiga kelele: "Usituchoshe na vifungu! Tuambie alishirikiana na nani!"

Hakimu, mzee mwenye heshima zake, aliniinulia mkono.

"Binti, sheria unayoisoma ni halali. Ilipitishwa, ikatangazwa. Mahakama hii haiwezi kuishtaki."

"Basi mshtakiwa anashtakiwa kwa lipi, Mheshimiwa?"

"Hilo," alisema Hakimu, akivua miwani, "ndilo alilolificha."

Miaka saba. Ukumbi ukasimama, ngumi juu, "Tumekuona! Tumekuona!" Wengine walikuwa wakilia kwa furaha, watu wazima, wenye vidonda vya kiu midomoni. Ndipo afisa mmoja wa mahakama akamsogelea Mzee Hilali na kumwambia kwamba Bi. Asteria alifariki alfajiri ile. Walikuwa wameizuia habari ili isivuruge utulivu wa shauri. Mzee alitazama ile mikono yake yenye wino ambao hautoki, akaitazama tena, na askari walipomshika kiwiko alijikwaa kwenye ngazi ya kizimba, akaanguka. Watu wakacheka. Niandike hivyo hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa: watu walicheka.

Mabomba hayakutoa kitu siku ile, wala siku iliyofuata. Ndugu Ng'umbi alieleza kwamba hiyo ni dalili nzuri. Inaonyesha kwamba juu ya mkono wa Mkopi kuna mkono mwingine, mkubwa zaidi, na sasa umeshtuka. Alinunua uzi mpya.

Gazeti Rasmi la Ijumaa lilitoka kama kawaida, bila jina chini, kwa kuwa hakuna mpiga chapa aliyekubali kuweka lake. Ukurasa wa tano ulitangaza kwamba ng'ombe wameomba kupandishwa hadi nafasi ya kwanza, sawa na maua, na kwamba maoni ya wananchi yanapokelewa kwa siku kumi na nne. Hadi naandika hivi, lililopokelewa ni moja. Ni langu.

* * *

Jumatatu niliitwa mbele ya Kamati Kuu. Meza ilikuwa na shada la waridi kutoka kwa Waziri. Walikuwa wameniandalia barua. Ilinibidi niisome kwa sauti na kutia saini, kisha nirudi kwenye kiti changu cha kuandika vikao na mambo yaishe.

"Soma, Siwema," alisema Mwenyekiti. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa baba anayempa mtoto dawa.

Barua ilisema: *Mimi, Ndugu Siwema Lukindo, naomba radhi kwa kudai kwamba dhuluma yaweza kutendwa mchana, na watu wa kawaida, kwa mujibu wa sheria. Naomba radhi kwa kuudharau mkono uliofichika. Nathibitisha kwamba taarifa yangu tangu mwanzo ilikusudia kumfichua H. Mkopi.*

"Kuna shida gani?" aliuliza Mama Perusi. "Tia saini, mwanangu. Radhi haichubui."

"Mama," nilisema, "sisemi kwamba njama hazipo. Watu hujifungia na kupanga ubaya, nani asiyejua? Lakini anayejifungia ni yule anayeogopa sheria. Hawa sheria ni yao. Walipanga mlango ukiwa wazi, wakatuwekea viti, na sisi tukaenda kuvunja chombo cha maua. Mnapenda mkono uliofichika kwa sababu hauwadai kitu. Hauwaambii muuze hisa. Hauwaambii msome. Mzee alipiga simu humu ndani," nikamnyooshea kidole Ndugu Ng'umbi, "na wewe ukamkatia!"

"Simu ilikuwa ya kutiliwa shaka," alisema Ndugu Ng'umbi.

"Ndugu Siwema," alikatiza Mwenyekiti, "hapa hatukukuitia hotuba. Tunakuuliza mara ya mwisho. Unaomba radhi, au huombi?"

Wote walikuwa wananitazama. Mama Perusi alikuwa ameshanifungulia kalamu.

"Radhi nimekwisha kuiomba," nilisema, "kwa mtu mmoja, kwenye dirisha lenye nondo, na yeye ndiye pekee niliyekuwa na la kumwomba. Ninyi siwaombi. Kifungu cha kumi na nne kipo, hisa zetu zipo, na Bi. Asteria amekufa kwa kiu katika kata inayopigia kura ngumi yenu. Siombi radhi kwa kusoma. Siombi radhi kwa kusema nilichosoma. Mkiniita kesho nitakuja, na kesho pia siombi."